Kwa nini sororiti za Wamarekani Weusi hudumu zaidi ya miaka mia, na vyama vyetu vya ughaibuni hufa vikiwa vichanga? Tunataka kuanzisha tawi la huduma

BintiPangani (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, salaam.

Mimi ni Mtanzania ninayeishi katika jimbo la Kentucky, kwenye mji ambao kwa miaka ya karibuni umepokea familia nyingi za Wakongomani waliotokea kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma. Kiswahili ndicho wanachosemea sokoni, kanisani na nyumbani, lakini wakifika hospitali hakuna anayewaelewa. Nawaona kina mama wajawazito wakienda kliniki na mtoto wa shule ya msingi kama mkalimani, na wazazi wakitia sahihi barua za shule bila kujua zimeandikwa nini.

Sisi ni wanawake kadhaa wenye shahada, Watanzania, Wakenya na Wamarekani Weusi tunaofanya kazi pamoja, na tumekubaliana kwamba jambo hili linahitaji chombo cha kudumu, si harambee ya siku moja. Wenzetu Wamarekani wamependekeza tuanzishe tawi la mojawapo ya sororiti zao, zile jumuiya za kina dada zilizozaliwa vyuoni ambazo mtu akishaingia hubaki nazo hadi uzeeni.

Dai langu ni hili, na naomba mnikosoe. Alpha Kappa Alpha ilianzishwa Chuo Kikuu cha Howard, chuo cha Wamarekani Weusi kilichoko Washington, tarehe 15 Januari 1908, na mpaka leo iko hai na ina nguvu. Vyama vyetu vya ughaibuni huanza kwa kishindo, vikachapisha vitenge, kisha vikazimika kabla watoto waliozaliwa mwaka huo hawajaanza shule. Naamini tofauti ni kwamba wao waliifanya huduma kwa jamii kuwa sharti la kuwapo kwao, nasi tuliifanya kuwa pambo la sherehe ya mwisho wa mwaka. Je, nimeona sawa? Na je, wanawake kama sisi wanaweza kweli kuanzisha tawi?

Mzee_wa_Ilala

Binti, hongera kwa wazo. Nitaongeza historia kidogo ili mjadala uwe na msingi. Sororiti kubwa za Wamarekani Weusi ni nne: Alpha Kappa Alpha ya mwaka 1908, Delta Sigma Theta ya 1913, Zeta Phi Beta ya 1920 na Sigma Gamma Rho ya 1922. Zote nne zilianzishwa Howard, na ndiyo sababu mimi naona siri ya kudumu kwao ni chuo chenyewe. Chuo hakifi, na kila mwaka kinaleta wasichana wapya. Chama cha ughaibuni hakina mahali panapokizalishia wanachama. Waanzilishi wakizeeka au wakihamia jimbo lingine, hakuna wa kurithi.

Dada_wa_Maryland

Shikamoo Mzee wa Ilala. Naomba kurekebisha jambo moja, kwa sababu linaigusa hoja yako. Tatu ndizo zilizoanza Howard. Sigma Gamma Rho ilianzishwa tarehe 12 Novemba 1922 mjini Indianapolis, katika Chuo Kikuu cha Butler, na waanzilishi wake saba walikuwa walimu wa shule. Butler kilikuwa chuo chenye Wazungu wengi, na Indiana ya miaka hiyo ilikuwa mojawapo ya ngome kubwa za Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi. Kwa hiyo hawa hawakuwa na chuo cha watu wao cha kuwalea, na bado wamedumu.

Binti Pangani, mimi ni mwanachama wa mojawapo ya sororiti hizi, niliingizwa nikiwa mtu mzima mwenye kazi na watoto, kwa hiyo naweza kukueleza utaratibu. Jambo la kwanza ambalo watu wengi hulikosa ni kwamba tawi halianzishwi na watu wa nje. Huwezi kukusanya marafiki, mkachagua jina la herufi za Kigiriki, kisha mkaandika barua makao makuu kuomba hati. Tawi la wahitimu huanzishwa na wanawake ambao tayari ni wanachama kamili, pengine waliingizwa walipokuwa chuoni miaka mingi iliyopita, sasa wanaishi eneo moja na wanaona kuwa tawi la karibu liko mbali mno au limezidiwa na ukubwa. Wao ndio wanaoomba kwa uongozi wa kanda, wanaonyesha kwamba wapo wa kutosha, wamelipa ada zao na eneo lina haja ya huduma ambayo haijafikiwa na tawi lililopo. Wakikubaliwa ndipo wanapopewa hati na jina.

Majina nayo yana utaratibu wake. Matawi ya wahitimu ya Alpha Kappa Alpha huishia na neno Omega, na yale ya Delta huitwa kwa jina la mji au eneo, kwa hiyo ukisoma jina la tawi unaweza kujua kama ni la wanafunzi au la wahitimu.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa wenzako Wamarekani ni hili: ni wangapi kati yao ambao tayari ni wanachama, na je, wote ni wa sororiti moja? Wawili wa Delta na watatu wa Zeta hawawezi kuanzisha tawi moja hata wakipendana vipi.

Mkunazini

Maelezo ya Dada wa Maryland yamenifungua macho, ila mimi nina sababu nyingine kabisa ya kudumu kwao, nayo ni ushindani. Tazameni jinsi Delta ilivyozaliwa. Mwaka 1912 wanachama 22 wa Alpha Kappa Alpha pale Howard walitaka kubadilisha jina, alama na mwelekeo wa chama, wakitaka kiingie zaidi katika mambo ya umma. Nellie Quander, aliyekuwa amemaliza chuo na aliyewahi kuwa rais wa chama hicho, alikataa. Wale 22 wakaanzisha Delta Sigma Theta tarehe 13 Januari 1913, na Quander na wenzake wakaisajili Alpha Kappa Alpha kisheria tarehe 29 Januari mwaka huohuo, ili asitokee tena mtu wa kuigeuza.

Hebu fikirini, mgawanyiko ambao katika vyama vyetu ungemaliza kila kitu, kwao uliwapa wanawake Weusi vyama viwili imara badala ya kimoja. Na kazi ya kwanza ya hadhara ya Delta haikuwa sherehe. Tarehe 3 Machi 1913 waliandamana Washington pamoja na wanawake waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura, wakati ambapo baadhi ya waandaaji Wazungu walitaka wanawake Weusi wakae nyuma ya maandamano. Tangu siku hiyo kila mmoja amekuwa akimtazama mwenzake: huyu amefanya nini mwaka huu, nasi tutafanya nini? Huduma hukua pale wanapotazamana hivyo.

Mwana_wa_Mvita

Ndugu Mkunazini, hilo la ushindani sisi wa pwani tunalifahamu kabla ya herufi za Kigiriki. Bibi zetu wa Mombasa walikuwa na vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake. Vilikuwa na vyeo, sare, michango na mashindano makali, na wazee bado wanayataja majina ya Ibinaal Watan na Banu Saada waliokuwa mahasimu wakubwa katika miaka ya 1940. Mwanamke aliingia kwa ada na alipanda cheo kwa kugharimia karamu. Watu walikopa, wakauza dhahabu, ili tu upande wao usishindwe.

Sasa angalieni kilichotokea. Katika miaka ya 1950 baadhi ya wanawake haohao, kwa mtandao uleule wa uongozi na uleule uhasama, walianzisha vyama vya maendeleo ya wanawake Waislamu vilivyojishughulisha na elimu ya wasichana na ustawi. Ngoma ilikuwa imewafundisha kuitisha mkutano, kukusanya fedha na kutii kiongozi. Hata Tanganyika mambo yalikuwa hivyo: Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma Dar es Salaam kabla ya kuwaingiza wanawake kwa wingi TANU kuanzia mwaka 1955, na aliwapata kupitia vikundi hivyohivyo vya ngoma.

Kwa hiyo simkubalii Binti Pangani kwamba pambo ndilo linaloua huduma. Pambo huja kwanza, huwaleta watu, kisha huduma hupata miguu ya kutembelea. Mkianza na huduma tupu mtabaki watano.

BintiPangani

Mwana wa Mvita, umenigusa panapouma, kwa sababu hivi sasa tuko sita.

Nesi_Ohio

Habari zenu wote. Mimi ni muuguzi, na naona mjadala unaelea juu ya mambo ya sare na uhasama wakati mfano bora wa huduma haujatajwa. Delta hao waliwahi kupeleka kliniki za magari katika mashamba ya pamba ya Mississippi miaka ya 1930. Hilo ndilo linalopaswa kuwa kielelezo cha tawi la Kentucky.

Dada_wa_Maryland

Mpendwa Nesi, mfano ni mzuri mno ila wenyewe ni Alpha Kappa Alpha. Delta wana sifa yao ya kupeleka vitabu vijijini kusini, mahali ambapo maktaba za umma zilikuwa zimefungwa kwa watu Weusi.

Mradi wa afya wa Mississippi niueleze vizuri, kwa sababu ndani yake mna somo la namna huduma inavyopata sura yake. Mwaka 1934 Ida L. Jackson, mwalimu kutoka California aliyekuwa rais wa Alpha Kappa Alpha, alipeleka walimu Lexington, katika wilaya ya Holmes, ili kuwanoa walimu wa vijijini wakati wa likizo. Walipofika waligundua kwamba afya za watu zilikuwa mbaya kiasi kwamba masomo peke yake yasingefaa kitu. Mwaka uliofuata, 1935, mradi ukageuzwa kuwa wa afya, chini ya Dk. Dorothy Boulding Ferebee, daktari wa Washington. Walikusudia kufungua vituo ambavyo watu wangevifuata, lakini wenye mashamba waliwazuia wakulima wao kuondoka, kwa kuwa waliwaogopa wageni hawa wasomi wasije wakawaamsha watu. Basi kina dada wakafunga vifaa vyao kwenye magari yao wenyewe na kuwafuata watu mashambani, wakichanja watoto dhidi ya dondakoo na ndui, wakitazama meno, wakifundisha lishe. Waliendelea kila kiangazi hadi mwaka 1942, vita vilipoleta uhaba wa mafuta na matairi.

Naomba mwone jambo moja. Walikwenda na mpango wa kufundisha walimu, wakarudi na mpango wa chanjo. Hawakuwa na huduma kwanza wala pambo kwanza. Walikuwa na chama tayari, chenye madaktari, walimu na wauguzi waliojuana kwa majina na kuaminiana, kwa hiyo haja ilipoonekana hawakuanza kutafutana.

Nesi_Ohio

Asante kwa marekebisho, dada yangu. Hoja yangu inabaki palepale, na sasa ina nguvu zaidi. Walidumu kwa sababu walikuwa na taaluma ndani yao. Sisi vyama vyetu havijui hata mwanachama gani ni mfamasia na yupi anajua sheria za uhamiaji. Tunajuana kwa mikoa na makabila.

Fundi_Mahesabu

Salaam. Mimi ni mhasibu hapa Texas na nimewahi kuvisaidia vyama kadhaa vya Waafrika Mashariki kusajiliwa, kwa hiyo nitazungumzia jambo ambalo halipendezi kusimulia lakini ndilo linaloamua uhai wa chama.

Sororiti nyingi Marekani zimesajiliwa kwa kodi kama vilabu vya kijamii, katika kifungu kinachojulikana kama 501(c)(7). Maana yake ni kwamba chama chenyewe hakilipi kodi ya mapato kwa ada za wanachama, lakini anayekichangia hapati nafuu ya kodi. Kwa sababu hiyo wameunda mifuko ya hisani iliyo chini ya kifungu cha 501(c)(3), inayopokea michango ya umma na kutoa fedha za masomo na za miradi. Alpha Kappa Alpha iliunda mfuko wake wa elimu mwaka 1980, na Delta walikuwa na wakfu wao wa utafiti na elimu tangu 1967. Ada ya mwanachama huendesha chama, nayo michango ya umma huendesha huduma, na vitabu vya hesabu ni viwili.

Sasa linganisheni na chama cha kawaida cha ughaibuni. Akaunti ni moja. Humo humo mna rambirambi, harusi, mchango wa mafuriko ya nyumbani na fedha za ukumbi wa sikukuu. Mtu anachangia dola mia kwa ajili ya msiba, mwezi unaofuata anasikia zimelipa muziki. Hapo ndipo vyama hufa, na hakuna sare wala historia inayoweza kuviokoa. Nimeshuhudia chama kimoja ambacho hakikuwa na mwizi hata mmoja, na bado kilivunjika kwa sababu hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba hakuna mwizi.

Mzee_wa_Ilala

Nimekubali masahihisho ya Butler, Dada wa Maryland, na marahaba. Fundi Mahesabu naye amesema kweli, ila nadhani anaeleza namna chama kinavyokufa, haelezi kwa nini watu hukipenda hata wakilipe ada kwa miaka 50. Hesabu safi hazimfanyi mtu aamke alfajiri ya Jumamosi kwenda kugawa chakula.

Kitongoji_cha_Nane

Wakubwa shikamooni. Mimi ni kijana wa kiume, nasoma Minnesota, na naomba niseme jambo ambalo naona wote mnalizunguka. Jumuiya hizi zilizaliwa kwa sababu milango mingine ilikuwa imefungwa. Mwanamke Mweusi msomi wa mwaka 1908 hakukubaliwa katika vyama vya wanawake Wazungu, na nafasi za uongozi katika kanisa na siasa zilishikwa na wanaume. Chama chake ndicho kilikuwa mahali pekee alipoweza kuwa rais, mhasibu au mwenyekiti wa kamati. Sisi wa leo tuna milango mingi: kanisa, msikiti, chama cha wahitimu, kundi la WhatsApp la ukoo. Mtu mwenye mahali kumi pa kwenda hawezi kupenda mahali pamoja tu kwa kiasi kile. Ndiyo sababu naamini hata mkipata hati ya makao makuu, tawi lenu linaweza kuwa na mkutano wa kwanza mzuri sana, na wa tatu wenye watu wanne.

Dada_wa_Maryland

Mdogo wangu wa Minnesota, hoja yako ni ya kweli kwa mwanzo wao, lakini haielezi mwendelezo. Milango ilifunguka tangu miaka ya 1960, na wanawake hawa wameingia mabungeni, mahakamani na kwenye uongozi wa makampuni, lakini hawakuviacha vyama vyao. Kamala Harris aliingia Alpha Kappa Alpha akiwa Howard mwaka 1986, akaendelea hadi kuwa Makamu wa Rais, na katika kampeni zake uliwaona dada zake wa chama wakiwa mstari wa mbele. Kama kufungiwa mlango ndiko kulikowaunganisha, mbona hawakutawanyika mlango ulipofunguka?

Kitongoji_cha_Nane

Kwa sababu kwa watu wa kawaida mlango haukufunguka kama unavyodhani, dada. Hilo nalo ni jibu. Bado unauliza swali ukiwa Maryland, jaribu kuliuliza ukiwa Mississippi.

Ustadhat_Tanga

Assalaam aleikum. Naomba tulizungumze suala la kiapo, maana naona watu wazima mnalipita kimya. Jumuiya hizi zina ibada za kuingiza wanachama ambazo hazisimuliwi nje. Nawajua Wakristo waliojitoa na kutangaza hadharani kwamba dhamiri zao hazikuruhusu, na nawajua Waislamu waliosita kwa sababu hiyohiyo. Halafu kuna historia ya kuwatesa wanaoingia, kuwakesha, kuwapiga na kuwadhalilisha kwa jina la kuwajaribu. Dada wa Maryland anaongea vizuri, lakini mama wa Kikongomani aliyetoroka vita hahitaji kuhudumiwa na chama chenye siri.

Dada_wa_Maryland

Waaleikum salaam, Ustadhat. Umeuliza kwa haki. Kuhusu mateso, ni kweli yalikuwapo, yamewaumiza watu na wengine wamekufa. Mwaka 1990 jumuiya zilizo katika Baraza la Pamoja la sororiti hizi na vyama vya wanaume vya aina hiyo (National Pan-Hellenic Council), ambalo liliundwa Howard mwaka 1930, zilifuta rasmi mfumo wa zamani wa majaribio ya muda mrefu na kuweka utaratibu mfupi wa usajili. Hilo halikumaliza uovu wote, kwa kuwa wapo wanaoendelea kwa siri, lakini anayekamatwa hufukuzwa na tawi lake husimamishwa. Katika matawi ya wahitimu, ambako watu ni mama wa familia, sijaona hata dalili yake.

Kuhusu kiapo siwezi kukuambia yaliyomo, kwa kuwa nimeahidi. Naweza tu kusema kwamba mimi ni Mkristo ninayesali, na sikusikia neno la kunitenga na Mungu wangu. Kila mwanamke apime na dhamiri yake, na anayeona mashaka asiingie.

Ustadhat_Tanga

Umejibu kwa adabu, nashukuru. Lakini umethibitisha hofu yangu pia: kinachowafunga pamoja hamwezi kukisema. Nami naona hiyo ndiyo sababu ya kudumu kwenu, kuliko huduma, chuo, ushindani na hesabu. Watu wanaoshirikiana siri hawaachani kirahisi. Jando na unyago vimewashikilia watu kwa jinsi hiyohiyo kwa karne nyingi. Swali langu kwa Binti Pangani ni kama anaihitaji gundi hiyo, au anaweza kupata nyingine iliyo wazi.

Mama_Thika

Habari za jioni. Nimesoma uzi wote na ninataka kuwakumbusha kwamba jumuiya hizi si ngeni kwetu. Delta ndio waliojenga hospitali ya Thika, hapa Kenya, na sisi tumezaa watoto pale.

Mwana_wa_Mvita

Mama Thika, nadhani neno sahihi ni kuchangia. Hospitali ile ya wazazi ilikuwa ya misheni, ndiyo inayojulikana leo kwa jina la Mary Help of the Sick, na Delta walianza kuiunga mkono kwa fedha katika miaka ya 1950. Ni msaada mkubwa, lakini tusiwanyang'anye masista sifa yao. Na kama ni matawi, Zeta Phi Beta ndio wanaohesabiwa kuwa wa kwanza kufungua tawi barani Afrika, Monrovia, Liberia, mwaka 1948.

Mama_Thika

Nimekuelewa, mwanangu, na nashukuru. Ila mimi niliyelala kitanda kile sioni tofauti kubwa kati ya aliyejenga na aliyechangia. Mtoto wangu yuko hai.

Mkunazini

Nikirudi kwa Fundi Mahesabu, nina swali. Kama huduma yote inapitia mfuko wa hisani ulio pembeni, je, chama chenyewe hakibaki kuwa klabu ya starehe yenye jina zuri?

Fundi_Mahesabu

Hapana, kwa sababu kuna kitu cha tatu ambacho sikukitaja. Makao makuu huweka maeneo ya kazi ambayo kila tawi lazima lifanye na litolee ripoti. Delta, kwa mfano, wana nguzo tano: uchumi, elimu, mambo ya kimataifa, afya ya mwili na akili, na ushiriki katika siasa na uraia. Tawi la mji mdogo haliamki asubuhi na kuanza kubishana lifanye nini mwaka huu. Linajua. Linabishana tu juu ya namna ya kufanya. Zeta nao, tangu mwaka 1972, wana mradi wa kuwasaidia wajawazito wenye kipato kidogo wanaouendesha pamoja na taasisi ya March of Dimes, ambapo mama akihudhuria kliniki na mafunzo anapata pointi za kumnunulia mtoto vifaa. Binti Pangani alianza uzi huu kwa kina mama wajawazito. Mpango huo umekwisha kuandikwa, umejaribiwa, na unahitaji tu wakalimani.

BintiPangani

Nawashukuru nyote, na maelezo haya ya Fundi nimeyapeleka kwa wenzangu usiku huohuo. Majibu ya swali la Dada wa Maryland ni kwamba kati ya Wamarekani watatu tulio nao, wawili ni wa Zeta na mmoja ni wa Delta. Sisi Waafrika Mashariki watatu si wanachama wa chochote.

Hivyo njia mbili zimebaki. Moja ni kwamba wale wawili wa Zeta watafute wenzao zaidi waanzishe tawi, nasi tuombe kuingia kwa utaratibu, jambo ambalo linaweza kuchukua muda mrefu na kutukataa mwishoni. Nyingine ni kuanzisha chama chetu cha Kiswahili chenye usajili wa hisani, halafu tushirikiane na matawi ya Zeta na Delta yaliyopo jirani katika kazi maalumu. Wenzangu wamegawanyika katikati.

Nesi_Ohio

Chukueni njia ya pili, na muanze na ukalimani wa kliniki. Hospitali nyingi zinazopokea fedha za serikali kuu zina wajibu wa kisheria kumpatia mgonjwa mkalimani bila malipo, tangu Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Kina mama hawalijui hilo, na wauguzi wengine nao hulipita kwa haraka. Kazi ya kwanza ya chama chenu isiwe kutafsiri ninyi wenyewe, iwe kumfundisha mama kusema sentensi moja ya Kiingereza ya kudai mkalimani, na kumsindikiza mara ya kwanza ili asitishike. Mtoto asitumike kumweleza mama yake habari za mimba iliyoharibika. Nimeyaona hayo kazini na siwezi kuyavumilia tena.

Dada_wa_Maryland

Nesi, nakubaliana nawe juu ya kazi, sikubaliani juu ya njia. Chama kipya cha watu sita kitawasindikiza kina mama kwa miaka miwili, kisha wawili watahamia Texas kutafuta kazi, mmoja atajifungua, na kina mama watarudi kwenda na watoto wao. Tawi lina warithi. Afadhali mchelewe kuanza.

Mwana_wa_Mvita

Dada wa Maryland, mama mwenye mimba hawezi kuchelewa. Waache waanze na lelemama yao wenyewe, watajenga watu, na hao watu siku moja wataingia Zeta wakiwa tayari wanajua kazi.

Ustadhat_Tanga

Na wakiwa tayari wanajua kazi, kwa nini waingie?

Fundi_Mahesabu

Binti Pangani, wakati hawa wanaendelea kujibizana, fanya haya kabla ya mwisho wa mwezi, maana yanahitajika kwa njia zote mbili. Andikeni katiba fupi inayotaja wazi kwamba fedha za misiba na sherehe hazitapita katika akaunti hii. Chagueni mtia sahihi wa pili wa benki ambaye si rafiki wa karibu wa yule wa kwanza. Halafu nitumie rasimu kwa ujumbe wa ndani, nitaipitia bila malipo.